Masikio Aliyonipa Bibi

Juzi, kwenye mkutano wa wazazi, mtaalamu mmoja mwenye tai alitueleza kwamba mtoto aliyefundishwa muziki husikia maneno vizuri na hujifunza lugha upesi. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilitoka nje kabla sijamtukana, maana alikuwa amechelewa miaka mingi.

Nimekulia Kishapu, ndugu yangu, miaka ya sabini, kwenye mashamba ya pamba. Nyumbani tulisema Kisukuma tu. Bibi yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa nyimbo za kulimia: anatoa mstari, sisi tunaupokea, majembe yanashuka pamoja. Ukikosea hata silabi moja, anakurudishia mstari huo peke yako mpaka uuseme sawasawa, huku wenzako wamekaa wanatafuna michembe, vile viazi vilivyokaushwa, na wewe mate yanakudondoka. Nilimchukia kwa hilo. Lakini nilijifunza kusikia.

Shuleni Kiswahili kiliingizwa kwa kiboko. Siku moja ya imla mwalimu alisoma haraka makusudi, na mimi peke yangu nikapata yote. Akaniuliza nimeibia kwa nani. Nikamweleza ukweli, kwamba bibi ananizoesha kwa nyimbo. Alicheka, na darasa zima likacheka kwa kuwa yeye amecheka.

Jioni ile alikuja nyumbani. Hakumwamkia bibi, mwanamke wa umri wa mama yake. Bibi ndiye aliyeanza kumsalimu. Mwalimu akamwambia hizo nyimbo za kishamba zitaniharibia Kiswahili, na nikifeli mtihani wa darasa la saba, lawama ni za bibi.

"Sawa, mwalimu," bibi alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Kesho yake alilima kimya. Nikianza kuimba ananikatisha: "Nyamaza, mjukuu wangu, utafeli." Nami, nisikufiche, nilifurahi, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwonea haya.

Nilifaulu. Mwalimu akajisifu mbele ya shule nzima kwamba ni kazi yake. Yule mtu simsamehe, na nafsi yangu siisamehe pia. Bibi alikufa nikiwa shule ya bweni. Imla ile naweza kukuandikia sasa hivi, neno kwa neno, na nukta zake. Wimbo wa bibi, hata mmoja, sina.