Baba Mkwe Anasinzia Kwenye Usukani, na Mimi Siruhusiwi Kumtazama

Ndugu wasomaji, naushukuru ukurasa huu kwa kunifichia jina. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Ipyana, nimeolewa Bujonde na nina watoto watatu. Kazi yangu ni uuguzi katika hospitali ya misheni huku Kyela. Misheni ilinipeleka Ulaya kusomea uuguzi wa wagonjwa wa usingizi: wanaokoroma hadi pumzi inakata, wanaosinzia wakiwa wamesimama, wasiolala kabisa. Niliporudi nikapewa chumba kimoja chenye vitanda viwili na mashine ya kusukuma hewa puani. Watu wakakiita chumba cha wavivu. Huku asubuhi tunasalimiana "Mugonile", yaani mmelalaje, lakini ukimweleza mtu kweli alivyolala anakucheka.

Kuchekwa nimekuzoea. Nimechoshwa na ujinga wa watu walioingia darasani wakatoka kama walivyoingia, na wa kwanza wao ni mume wangu, mwalimu wa sayansi.

Baba mkwe wangu ni mtu mnene, shingo fupi, mkarimu. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kakao, mambo yalimnyookea akanunua pikapu ya mtumba. Anabeba magunia, na juu ya magunia anabeba watu. Jumapili moja mchana nilikuwa jikoni kwa mama mkwe nikiosha vyombo, mzee akajilaza chumba cha pili baada ya wali. Akaanza kukoroma. Mawifi wakatabasamu, eti mzee analala usingizi wa mtu aliyeshiba. Mimi nikasikia kingine. Anakoroma, kisha kimya, kimya kirefu, halafu anashtuka kama aliyeibuka majini. Koo linaziba. Mtu wa namna hiyo hata akilala usiku kucha hajapumzika, na mchana usingizi unamchukua popote, hata kwenye usukani.

Sasa, kwa msiotoka huku: mkamwana hamtazami baba mkwe, hamwiti jina, hakai naye chumba kimoja. Akitokea njiani, unaingia migombani mpaka apite. Wengi mjini wameacha. Ukoo wa mume wangu haujaacha, na tangu niolewe nimeshika desturi hiyo kuliko hata mawifi zangu walivyoshika kwa wakwe zao. Kwa hiyo nilimweleza mume wangu, tena taratibu, kwamba baba aje hospitali, atahudumiwa na muuguzi mwanaume, na wiki hiyo mimi nitachukua likizo nisikanyage pale. Alichouliza ni kimoja tu: nimejuaje baba yake anavyopumua? Wazee wakakaa kikao juu ya hilo swali. Hakuna aliyeuliza kama mzee anaumwa. Nikaambiwa nimemsikiliza mkwe akilala, ni aibu, niombe radhi kupitia mama mkwe. Nikaomba radhi kwa kuwa na masikio.

Haikupita muda pikapu ikaacha barabara mchana kweupe ikaingia kwenye mpunga. Mama mmoja wa Kikisi aliyekuwa anapeleka vyungu vyake sokoni akavunjika mkono. Abiria walisema mzee alikuwa amesinzia. Ukoo ukasema vyungu vya yule mama vilikuwa na mkosi. Nikamuuliza mume wangu kama ni vyungu vilivyokuwa vimeshika usukani. Akanijibu, na hapa nanukuu maneno ya mtu anayefundisha watoto wenu sayansi:

"Baba hasinzii. Anafumba macho ili aisikie injini vizuri."

Nilimtazama nikajiuliza niliolewa na nani. Tangu siku hiyo nampikia, namfulia, lakini heshima imeniisha, sitawadanganya.

Nilikwenda kwa askari wa barabarani. Akaniambia mzee ni mtu wa watu, na hata yeye askari hupewa lifti naye. Nikamweleza daktari wetu, akasema mgonjwa asiyekuja si mgonjwa wake. Mchungaji akasema tuombe. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hapa masikio ni mengi na watakaokufa ni wengine.

Yaliyonileta kwenu ni haya. Mwezi ujao kwaya ya watoto imealikwa Matema, na baba mkwe amejitolea kuwapeleka kwa pikapu yake. Binti yangu wa miaka tisa anaimba humo. Kwa kuwa ni mjukuu kipenzi, amepangiwa siti ya mbele, pembeni ya babu. Nimesema mwanangu haendi. Mume wangu akasema mtoto ni wa ukoo. Tena, hata nikimficha wangu, wale wengine kule nyuma nao wana mama zao, na mama zao wanashona sare kwa furaha. Nimewaambia wawili, wakaniona namwonea wivu mkwe wangu.

Juzi nilipoanza tena, mume wangu akaweka kikombe chini akasema, "Kama una uhakika, nenda kasimame mbele ya gari umwambie baba mwenyewe, uso kwa uso." Akacheka, kwa kuwa anajua siku nikifanya hivyo nitarudishwa Ipyana siku hiyo hiyo, na watoto watabaki.

Wasomaji, msiniambie nivumilie, nimeshavumilia. Msiniambie niongee na mume wangu, mmemsikia. Niambieni hili tu: asubuhi ile gari likiwashwa, niingie migombani kama mkamwana mwenye adabu, nimwone mwanangu akinipungia mkono dirishani? Au nisimame barabarani, nimtazame yule mzee machoni kwa mara ya kwanza, wakati bado yamefunguka? Nishaurini mapema.