Baba Alivyokataa Kusema Si Kweli

Nina kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi pale Mikumi, kando ya barabara kuu, na kwa miaka kadhaa nimejifanya mwanasheria bila kutumwa na mtu. Madereva wa malori waliokamatwa na trafiki, wanawake wanaohangaikia waume zao walioko mahabusu, wote wanapita kwangu. Mteja akichanganya mtuhumiwa na mshitakiwa namsahihisha kwa sauti inayofika hadi kwa muuza chipsi: mtuhumiwa anashukiwa tu na polisi, mshitakiwa ameshafikishwa mahakamani kwa shitaka. Kiburi hicho kiliniisha wiki ile baba yangu alipokamatwa kwa wizi wa ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe alikuja kwa miguu yake. Aliingia shambani kwa baba kule Msowero, akalala katikati ya mahindi, akazaa hapo hapo. Baba hajawahi kufuga zaidi ya kuku, lakini alimbeba ndama hadi nyumbani, mama mtu akafuata nyuma, na baba akawafunga uani na kuwakatia majani. Kengele ya shingoni mwa ng'ombe ilimkatizia baba usingizi wa mchana, kwa hiyo akaivua na kuitundika jikoni.

Siku ya sita mwenye ng'ombe, mfugaji wa upande wa pili wa bonde, alitokea na polisi. Wakakuta ng'ombe uani na kengele jikoni. Hata mimi, mtoto wa kumzaa, ningekuwa polisi ningemkamata.

Mfugaji akaswaga ng'ombe na ndama kurudi kwake, baba akapelekwa kituoni, na huko walimwonya kama sheria inavyotaka, kwamba halazimiki kusema lolote na kwamba atakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kuwa ushahidi. Mtu mwingine angefunga mdomo. Baba alifurahi kusikia kwamba yataandikwa. Akavuta kiti, akaeleza kila kitu tangu mvua za kwanza, na akamwomba askari asiandike haraka haraka.

Nilipanda basi nikaenda na barua ya utambulisho, nikamdhamini. Tulipofika nyumbani mama alikuwa ameshachinja jogoo, majirani wanapongeza, shangazi anapiga vigelegele kwamba kesi imeisha. Ikabidi niwaharibie sherehe. Nikawaambia dhamana ni ruhusa ya kusubiri kesi ukiwa nyumbani, basi, na siku ya kuitwa usipotokea unakamatwa tena, na mdhamini wako anaingia matatani. Walinisikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea kula. Na mimi nikaomba paja.

Kazi ngumu ilikuwa bado. Nilijua hakimu atasoma shitaka na kumuuliza mshitakiwa kama ni kweli au si kweli, na nilimjua baba.

"Baba, ukiulizwa, sema si kweli."

"Ng'ombe nilimchukua au sikumchukua?"

"Ulimchukua."

"Sasa unanifundisha uongo wa kumwambia hakimu, kwa umri huu?"

Nilimweleza mpaka koo likakauka. Shitaka halikuwa la kuchukua, lilikuwa la kuiba, na kuiba kuna nia ndani yake. Akisema ni kweli, anatiwa hatiani siku hiyo hiyo na anaweza kufungwa. Alitikisa kichwa na kuniuliza kama hayo ndiyo ninayowafundisha watu huko Mikumi. Nilinuna siku mbili, na nadhani hakuona.

Siku ya siku, katika mahakama ya mwanzo, hakimu alisoma shitaka, akauliza. Baba alisimama wima na kanzu yake ya sikukuu. "Ni kweli nilimchukua, mheshimiwa. Kumwiba sikumwiba." Nilifumba macho. Hakimu alimtazama kidogo, akaandika, akasema mshitakiwa amekana kosa, kesi itasikilizwa. Ndipo nilipojifunza, mimi mwanasheria wa barabarani, kwamba kukiri nusu si kukiri. Baba alitaka kupinga kwamba hajakana chochote. Nilimvuta kanzu akakaa.

Tarehe ya kusikilizwa nilikuja na daftari. Mlalamikaji angetoa ushahidi wake, kisha mshitakiwa ana haki ya kumhoji, na mimi nilikuwa nimeandika maswali matano makali, yote kwa herufi kubwa ili baba ayaone.

Mfugaji alieleza kwa sauti ya chini. Alitafuta siku tano. Aliulizia mnadani, aliulizia kanisani, hakuna aliyejua lolote. Alipoiona kengele imevuliwa akaamini ng'ombe anafichwa. Hakimu akamgeukia baba, akamwambia aulize maswali. Baba aliliweka daftari langu kwenye benchi bila kulifungua.

"Ijumaa nilitangaza msikitini baada ya sala, watu wamejaa mpaka nje. Mbona hukuja?"

"Mzee, mimi ni Mkristo. Msikitini ningefuata nini?"

Mahakama ililipuka kwa kicheko, na hata washauri wawili wa hakimu walishindwa kujizuia. Baba hakucheka. Alisimama pale akifikiri, na mimi nikaanza kuogopa, kwa sababu najua uso wake unavyokuwa anapogundua kitu.

"Hilo sikuliwaza," akasema. "Basi kosa ni langu."

Katika maneno yote ya Kiswahili, mbele ya hakimu wa jinai, baba yangu alikuwa amechagua hayo. Nikaona gereza, nikamwona mama akibeba chakula.

Hakimu hakupata hata nafasi ya kuinua kalamu. Mfugaji alinyoosha mkono kama mwanafunzi, akaomba kusema. Akasema mwizi hasimami mahakamani akajibebesha lawama hivi. Akaomba kuondoa malalamiko yake. Hakimu alimuuliza kama amelazimishwa au ameahidiwa chochote, akajibu hapana. Basi ikaandikwa kwamba shauri limeondolewa, na baba akaambiwa anaweza kwenda.

Nililia pale pale kwenye benchi, kwa furaha na kwa aibu kidogo. Nilipojifuta na kutoka nje, mfugaji, ambaye angeweza kuwa kaka yangu mkubwa, alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya baba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," baba akaitikia. "Ndama ameanza kula majani?"