Kilima Kilichotembea Polepole

Hadi leo nikinunua karanga za kukaanga hapa Goma, kabla ya kutia hata moja mdomoni naikunjua karatasi waliyozifungia na kuisoma. Watoto wangu hunicheka. Hawajui kwamba harufu ya karanga moto na karatasi kuukuu hunirudisha Mweso, dukani kwa Papa, baba yangu, miaka ile ya vita, na kwamba huwa sijisikii vizuri hata kidogo.

Papa alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo. Karatasi za kufungia karanga alizipata kwa marobota: madaftari yaliyojaa, barua za ofisi, chochote. Siku moja ndani yake kukatokea kitabu cha watoto cha Kifaransa, hakina jalada, na kurasa nane za mwanzo zilikuwa zimeshaondoka na karanga za watu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, wa kwanza darasani kwa Kifaransa na mwenye majivuno kupita kiasi. Nikakiomba, nikapewa.

Kilihusu kilima kilichoamka na kuanza kutembea, kikiwa kimebeba kijiji kizima mgongoni: nyumba, migomba, ng'ombe. Msitarajie makubwa. Kilipiga hatua moja kwa kila sura. Kwa kurasa sita nzima kilisimama kumsubiri kuku aangue vifaranga. Kurasa nyingine bibi mmoja alikuwa akichagua mawe kwenye maharagwe, na nadhani mwandishi aliyataja yote, jiwe kwa jiwe.

Wakati huo nyumbani tulikuwa na wageni, Mama Riziki na binti yake wa miaka saba, waliokimbia vita upande wa Walikale na kutembea siku nyingi mpaka kwetu. Riziki alikuwa hali chakula. Akiwekewa sahani aliitazama tu, na mikono yake ilikuwa imebaki mifupa. Alasiri moja nilikuwa nasoma kwa sauti dukani, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili ili kujionyesha, mama yangu akaona mtoto anapeleka kijiko mdomoni. Tangu hapo nikawa na kazi. Kila nikitoka shule tulikaa juu ya magunia ya maharagwe nyuma ya kontwari, ile meza ya kuuzia, mimi nasoma, yeye anakula.

Nilijaribu kuruka kurasa, lakini alijua.

"Dada Kahindo, rudiliya pale bibi anachagua maharagi. Haujamaliza."

"Pale hakuna kitu inafanyika," nikamwambia.

"Pale njo muzuri."

Basi siku moja wenzangu walikuwa nje wakiruka kamba, nawasikia wanavyocheka, na kilima kimesimama tena, sijui kinasubiri nini. Nilichoka. Bila kuinua macho nikasoma maneno ambayo hayakuwemo: askari walitokea, wakapanda kilima, wakaichoma moto nyumba ya bibi. Nilidhani naipa hadithi utamu. Nilipendezwa sana na sauti yangu.

Riziki aliweka kijiko chini.

"Na kilima?"

"Ilianguka. Watu wote wakakimbia."

Alishuka kwenye gunia, akaenda kuvaa viatu vyake vya plastiki, akakaa karibu na mama yake. Siku ile hakula tena, wala kesho yake, wala viatu hakuvivua. Mama akaniuliza kumetokea nini. Nikajibu kwamba mtoto ameichoka hadithi, nikatoka kwenda kuruka kamba.

Siku ya tatu woga ulinishinda. Nilimfuata Riziki, nikafungua ukurasa wenyewe mbele yake, ingawa hakujua kusoma.

"Nilikudanganya. Askari hawako mu kitabu."

Alinitazama kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mdogo.

"Hata kama hawako," akasema, "watafika."

Juma lililofuata mama yake alipata lori la kwenda Goma, kwa ndugu zake. Nilikificha kitabu ndani ya furushi lao. Lori lilipoondoka nilikikuta juu ya gunia la maharagwe, pale pale alipozoea kukaa. Sikumwona tena. Sijui kama alirudi kula, na hilo ndilo linaloniuma.

Kitabu nilikuja kukimaliza nikiwa tayari mama wa watoto. Kilima kinafika penye maji, kinakaa chini, na bibi anaendelea kuchagua maharagwe yake. Hakuna anayekuja. Nilipokuwa mtoto niliona ni kitabu kisicho na kitu. Sikuelewa kwamba Riziki alikuwa amepata mahali ambapo watu wanahama na nyumba zao, na hata kuku anasubiriwa. Askari walikuwa wamefika kila mahali alipowahi kuishi. Humo hawakuwa wamefika, mpaka mimi nilipowaleta.