Jua Lililotutokea Mgongoni

Sijawahi kumwelewa mtu mzima anayelipa ili aamshwe gizani apande mlima. Utotoni, huko nilikozaliwa karibu na Oyugis, tulipanda vilima kutafuta kuni na mbuzi waliopotea, na tulipofika juu hakuna aliyetupigia makofi wala kutupiga picha. Tulichorudi nacho ni miba. Kwa hiyo kikundi cha walimu wa shule yetu hapa Migori, ambacho kwa kawaida huchangia matanga na harusi, kilipotangaza kwamba safari ya mwaka ni kwenda Homa Bay kupanda volkeno na kutazama jua likichomoza, nilicheka mpaka naibu mwalimu mkuu akanikunjia uso.

"Madam, hii ni ya kujenga umoja," akaniambia.

Umoja gani? Watu wanaonuniana muhula mzima kwa sababu ya kikombe cha chai ndio watakaoungana kileleni? Lakini nilikwenda. Anayekataa safari ya kikundi husemwa mwaka mzima, na mimi napenda kusema, sipendi kusemwa.

Kilichonichekesha kwanza ni bango. Kampuni ya Nairobi iliyotuandalia safari ilituma kwenye kundi letu la WhatsApp picha ya jua jekundu limeelea juu ya ziwa, na maandishi makubwa: Macheo Kutoka Kilele cha Volkeno. Niliitazama picha ile mara mbili, mara tatu. Mlima Homa uko ukingoni mwa ziwa, na kutoka pale inapoonyesha picha, unatazama magharibi. Jua halitoki huko. Jua linatoka upande wa bara, nyuma yako. Mtu alikuwa amepiga picha ya jua likizama akatuuzia kama jua linalochomoza, na walimu wenzangu, mmoja wao wa jiografia, wakajaza mioyo na makofi chini yake. Sikusema neno. Nilitaka niwaone wakiumbuka.

Tulilala Homa Bay mjini, na kwenye saa kumi alfajiri basi la shule likatushusha chini ya mlima. Mungu wangu, mavazi! Naibu mwalimu mkuu alikuja na fimbo mbili za chuma kama mtu anayekwenda kwenye theluji. Mwalimu wa hisabati, ambaye darasani hupumzika baada ya kuandika swali moja ubaoni, alijifunga taa kwenye paji la uso na kutumulika machoni kila alipogeuka. Wa jiografia alianza kutueleza volkeno hai na volkeno zilizolala, kwa sauti ya mtu anayeogopa kwamba mlima huu wetu utaamka akiwa juu yake. Mimi nilivaa raba zangu za kufundishia na leso kichwani.

Mratibu wa safari, msichana wa ile kampuni, alitupanga mstari tunyooshe viungo. Kisha akamvuta mbele mwanamume wa miaka hamsini hivi, mwembamba, amevaa koti la kampuni linalompwaya na akala za tairi miguuni.

"Guys, huyu ndiye mwongozaji wetu leo. Ni mtu wa hapa hapa. Leo tunamjaribu tu. Mkimpitisha, kazi ni yake kila wikendi. Asipopita, tunaleta mtu wetu kutoka Nairobi."

Alisema hayo mhusika mwenyewe amesimama pale pale, kama mtu anayechagua kuku sokoni. Mwanamume akatabasamu, akakunja mikono nyuma. Mratibu akatoa fomu, akauliza nani ataijaza kwa niaba ya kikundi. Vidole vyote vikanielekea mimi. Ndimi mkubwa wao kwa umri, na ndimi mwalimu wa Kiswahili. Fomu ilikuwa na sehemu tatu: ujuzi wa njia, lugha, na heshima kwa wageni. Niliikunja nikaitia mfukoni, na sitadanganya, nilijisikia mkubwa.

Tukaanza kupanda. Mwongozaji alikuja kutembea karibu nami, labda kwa sababu ya fomu, labda kwa sababu ya umri wangu.

"Oyawore," akanisalimu.

"Oyawore ahinya," nikamjibu kabla sijafikiri. Salamu ya asubuhi humtoka mtu yenyewe.

Akafurahi. "Kumbe wewe ni wetu, nyaminwa. Unatoka wapi?"

"Migori."

"Migori ni kuolewa. Umesaliwa wapi?"

Nikajitia sikusikia. Alikuwa amenibaini mara moja, akaniita dada yake, na mimi sikutaka kuwa dada ya mtu mbele ya wenzangu. Miaka yote niliyofundisha nimejulikana kwa Kiswahili kilichonyooka. Huwa nawachapa wanafunzi wangu kwa ulimi kila wanapoiacha z ikawa s na sh ikawa s, maradhi ya huku kwetu, na walimu wapya hudhani nimetoka pwani. Sijawahi kuwasahihisha.

Hakukasirika. Akaendelea kunieleza kwamba kazi yake ni kuvunja kokoto hapo chini, yeye na mke wake, tangu watoto wakiwa wadogo. Akanionyesha kidole gumba cha kushoto, kimepondeka mpaka ukucha umeota kando. "Jicho hii moja mawe ilirukia, haioni visuri," akasema. "Lakini mlima naijua hata nikifungwa macho yote. Nikipata hii kasi, Mwalimu, nyundo sitasika tena." Alilisema bila kulia shida, kama anayenieleza mambo ya mvua.

Na njia aliijua kweli. Alituambia mahali pa kukanyaga na mahali pa kushika, akambeba mgongoni mwalimu wa hisabati penye korongo, akarudi chini kufuata fimbo moja ya naibu iliyoteleza. Penye tambarare ndogo akatusimamisha ili atupe maelezo, jinsi alivyokuwa ameagizwa. Aliyakariri kama mtoto wa darasa la nne.

"Wageni, hii mlima ilikuwa moto samani. Samani sana. Sasa imesima, lakini huko chini maji bado inatoka ikichemka."

Ilinishinda. Nikamnong'oneza naibu kwamba sikujua milima nayo ina fanicha, na kwamba hii yake iliungua yote. Naibu akapasuka kicheko, akamwambia wa jiografia, wa jiografia akamwambia wa hisabati. Samani, samani, ikapita mstari mzima. Mwongozaji aliona tunacheka akacheka nasi, maana alidhani maelezo yametupendeza. Nikatoa fomu, nikamulika kwa simu, nikaandika kwenye lugha: mbovu.

Karibu na juu palitokea mabishano. Mratibu alitaka tukae kwenye mwamba unaotazama ziwa.

"Dada, jua haitoki huko," mwongozaji akamwambia kwa upole. "Twende kidogo tu, nyuma ya hii kichwa ya mlima. Huko ndio inatoka."

"Picha ya bango ilipigwa hapa."

"Hiyo labda ni ya jioni."

"Tafadhali. Tuna programu," mratibu akasema, na sauti yake ikawa kali kama ya askari wa barabarani. Mwongozaji akasogea kando. Mimi niliyejua siku nyingi kwamba yule mtu alikuwa sahihi nilikaa nikafungua chupa ya maji. Nilikuwa nimeusubiri mchezo huu tangu Migori.

Basi walimu wakapangana wakilitazama ziwa, simu juu, wengine wakihesabu dakika. Ziwa likawa la kijivu, kisha la bluu. Mashua ya mtu ikapita huko chini. Shingo zetu zikaanza kupata joto, na vivuli vyetu vikajinyoosha mbele yetu juu ya mwamba, na bado watu wazima wenye shahada walikuwa wanalingoja jua litoke majini. Wa hisabati ndiye aliyegeuka kwanza.

"Aa! Liko nyuma!"

Wote tukageuka. Mwongozaji alikuwa amepanda peke yake hatua chache juu yetu, kwenye ukingo, akitupa mgongo na kulikabili jua. Alikuwa amevua kofia. Tukamsikia akitema mate kwa nguvu, "Thuu!", halafu maneno ya chini chini, halafu tena, "Thuu!"

Mratibu akapandwa na hasira. "Mmeona? Amenitemea mate! Kwa sababu nimemkatalia!"

Walimu wakaguna. Wa jiografia, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema huo ni ushirikina mtupu. Naibu akasema ni madharau. Mratibu akanisogelea. "Mwalimu, wewe unaelewa watu wa huku. Hiyo ni nini?"

Nilijua ni nini. Nilijua kama ninavyolijua jina langu. Nyanya yangu alitoka nje kila asubuhi kabla hajasema na mtu, akalikabili jua, akalitemea mate na kuliomba liwatokee watu wake vizuri. Kwetu mate ya mkubwa ni baraka. Siku niliyokwenda chuo cha ualimu alinitemea kifuani, kwenye blauzi mpya, na nililia nusu ya njia kwa furaha. Yule mwanamume alikuwa anatuombea. Alikuwa ametuombea sisi tuliomcheka, na bila shaka alijiombea na yeye kidogo, kazi ile.

Sentensi mbili zingetosha. Lakini ningezisema vipi bila kumtaja nyanya? Niliwaona wenzangu wakinitazama, na nikaona jinsi mwalimu wa Kiswahili safi, anayedhaniwa mtu wa pwani, atakavyogeuka mjukuu wa bibi anayetemea jua mate nje ya nyumba ya udongo. Walikuwa na kicheko kingine tayari mdomoni, na mimi ndiye niliyewafundisha kucheka asubuhi ile. Niliogopa. Sina neno zuri zaidi la kulisema.

"Ni tabia za kijijini tu," nikamwambia mratibu. "Hawa watu hawajazoea wageni."

Nikaongeza na mengine. Mtu akishaanza kusema hivyo huwa hakosi ya kuongeza. Nilimweleza kwa kirefu kwamba kazi ya wageni inataka mtu aliyefunzwa, kwamba si kila anayejua njia anajua watu, na mratibu akawa anatikisa kichwa kukubali na kuniita Mwalimu, Mwalimu. Kwenye heshima kwa wageni nikaandika: hafai. Nikamkabidhi mratibu fomu. Kisha tukapigwa picha ya pamoja, jua likituchoma machoni, na tukala mkate na soseji zilizopoa.

Huko chini, walimu walipokuwa wanapanda basi, mratibu alimvua mwongozaji lile koti la kampuni na kumwambia atapigiwa simu. Akabaki na fulana. Akanifuata, akanisimamisha kando ya mlango, na sasa alisema nami kwa Dholuo peke yake. Katika lugha yake alikuwa mtu mwingine kabisa. Alichagua maneno, alipanga, hakukwaa popote. Nyanya yangu angemkalisha kwenye kiti kizuri.

"Dada yangu," akasema, "nilipomaliza kuomba kule juu niligeuka nikaona wanakasirika. Nikaogopa, nikasema leo kazi imekwenda. Halafu nikakuona wewe umesimama na yule msichana, unamweleza kwa kirefu, naye anatikisa kichwa, ametulia. Nikashukuru Mungu kwamba amemleta mtu wa kwetu katika safari hii. Ahsante kwa kunisemea."

Nilikuwa na nafasi hata hapo. Fomu ilikuwa bado mkononi mwa mratibu, hatua tano kutoka tulipokuwa.

"Usijali," nikamwambia. "Nimekusemea."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na ule ukucha ulioota kando ukanikwaruza kiganja. Akaniomba namba ya simu ili aweze kuniuliza kama nitasikia lolote, maana yeye hana mtu mwingine anayewajua watu wa kampuni. Nikampa. Ningeweza kubadilisha tarakimu moja, lakini hata uongo huo sikuwa na nguvu nao.

Alipiga Jumamosi iliyofuata, nikamwambia bado. Akapiga nyingine, nikamwambia bado, kampuni hizi huchelewa, avumilie. Nyuma ya sauti yake nilisikia nyundo ya mke wake ikigonga. Siku hizi namba yake ikitokea naigeuza simu kifudifudi mezani, wote chumbani mwa walimu wanasikia, na naiacha ilie mpaka inyamaze yenyewe.