Mgongo Uliobeba Boksi Lisilokuwepo

Je, umewahi kumwona mtu anaendesha pikipiki tupu, lakini mgongo wake bado umebeba mzigo?

Saa moja na nusu asubuhi, Jumapili. Mwanamke mmoja anafunga zipu ya suti yake ya ngozi, ile yenye kiraka cha kahawia kwenye goti la kulia. Anavaa helmeti, anapiga tangi mara mbili kwa kiganja kama anayebisha hodi, kisha anaingia kwenye uwanja wa mbio. Kona ya kwanza anapita. Ya pili na ya tatu anapita. Kwenye kona ya nne, ile ndefu inayopinda kulia, inasikika krrr! Kikanyagio cha mguu kimekwaruza lami.

"Boksi kafika!" anapiga kelele mwendeshaji mmoja aliyekalia tairi kuukuu. Wenzake wanacheka.

"Chekeni tu," anawajibu akirudi bandani. "Siku mkiugua, damu yenu mtaipeleka maabara wenyewe, mmeishika mkononi."

Wanamwita Dada Boksi, na jina lenyewe limetokana na kazi. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akichukua sampuli za damu kutoka zahanati sita na kuzipeleka maabara. Kwa siku anabeba chupa hamsini, pengine sitini, na kila chupa ina jina la mtu anayesubiri majibu. Zote husafiri ndani ya boksi jeupe lililofungwa kwenye kiti cha nyuma kwa mikanda minne. Anaendesha kilomita tisini kila siku, jua lake, mvua yake.

Mwaka jana wenzake wawili walianguka kwenye kona, wakipishana wiki moja tu. Mmoja mpaka leo anatembelea gongo.

"Hakuna aliyetufundisha kona," anasema huku akipangusa jasho shingoni. "Tulipewa boksi na ufunguo, tukaambiwa haya, nendeni."

Ndiyo maana yuko hapa. Uwanja unatafuta mwalimu mmoja wa kuwafundisha madereva wa pikipiki za kazi, na yeye nafasi hiyo anaitaka kuliko kitu chochote. Sharti la Kocha ni moja: apite kona ya nne mara tatu mfululizo, kwa mwendo uliopangwa, bila kukwaruza. Ameshashindwa mara mbili. Leo saa tatu ni mara ya mwisho; ule mzunguko wa asubuhi ulikuwa wa kupasha moto tu. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine.

Kocha ni mzee mfupi mwenye sauti iliyokauka, na soksi zake hazifanani. Somo lake halibadiliki. Pikipiki ikilala sana, vyuma vinagusa chini. Lakini mwili ukitangulia kuelekea upande wa kona, pikipiki haihitaji kulala sana. Nusu ya kalio itoke kwenye kiti. Paja la nje libane tangi. Kifua kishuke, kichwa kiende upande wa kona, macho yatazame kule unakotokea. Mikono isiung'ang'anie usukani.

Dada Boksi somo hilo analijua kama jina lake. Kila jioni amekuwa akilirudia kwenye korido ya nyumbani, pikipiki ikiwa kwenye stendi, na mama yake, fundi cherehani mstaafu, akimpima kwa futi ya kushonea.

"Bega bado inchi tatu," mama humwambia. "Shuka, mwanangu. Mbona umekaa kama umemeza mwiko?"

Leo mama amekuja uwanjani kwa mara ya kwanza. Uzi wa kile kiraka umeanza kuachia, naye hakutaka mtu mwingine aushike. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, sindano mdomoni, goti la binti yake mapajani.

"Leo umebeba nini?" Kocha anauliza.

"Sijabeba kitu, Kocha."

"Mwambie na mgongo wako. Haujapata habari."

Mama anatoa sindano mdomoni. "Hebu niulize kijinga. Zile chupa si zina vizibo?"

"Zina vizibo, Mama."

"Sasa zikiinama zinamwaga nini?"

Dada Boksi anageuza shingo kuitazama pikipiki. Siku yake ya kwanza kazini, anasimulia baadaye, msimamizi alimwambia: mzigo usimame wima. Akausimamisha, naye akasimama nao. Msimamizi ameshastaafu, yeye bado anamtii.

"Haziogopi kuinama," anasema polepole. "Zinaogopa kutikiswa."

"Basi inama, usitikise," anasema mama, na kukata uzi kwa meno.

Saa tatu kamili anaingia. Zamu hii anasogea mapema, akiwa bado kwenye njia iliyonyooka, kabla hata ya kushika breki. Anasogea taratibu, kama anayepanga chupa kwenye boksi. Kona inapofika, mwili umeshatangulia. Kimya.

Mara ya pili, kimya. Wale wa kwenye matairi wameacha kucheka.

Mara ya tatu anachelewa kidogo. Bega linagoma, mgongo unataka kusimama. Mama anainuka kitini, futi imemzunguka shingoni. "Inchi tatu!" anapiga kelele, ingawa hakuna helmeti inayoweza kupitisha sauti hiyo. Bega linashuka. Pikipiki inapita, na kinachosikika ni injini peke yake.

Kocha anaandika kitu kwenye daftari lake. "Mwezi ujao," anasema. "Uje na wenzako kumi wa kubeba sampuli, uwafundishe. Na yule wa gongo naye aje, akae hapa ashike saa."

Dada Boksi anacheka huku anafuta macho kwa glavu. Mpango wake, anasema, ni kuanza na swali lile lile aliloulizwa yeye: leo umebeba nini? "Nataka jioni kila mtu arudi kwake na magoti yake mawili."

Kisha anamgeukia mama yake. "Na wewe, Mama? Miezi yote hii unanipima, unanishonea. Hujawahi kuniomba hata soda."

Mama anakunja futi yake, inchi kwa inchi, mpaka inaisha. Anakitazama kiti cha nyuma. Hakina boksi, wala mkanda.

"Miaka kumi na miwili," anasema, "kila nikikitazama kile kiti kina boksi, na wewe unasema msiguse. Mwanangu, mimi nilikuwa nataka unipakie."