Kitanda Alichoahidi Fundi Kesho

Mdogo wangu ni seremala, na mtaani hakuna anayemwita jina alilopewa na baba. Wanamwita Kesho. Ukimpelekea kiti kilichovunjika mguu atakuambia njoo kesho, na ukija hiyo kesho atakushangaa kana kwamba wewe ndiye uliyekosea siku. Mafundi wote wana ugonjwa huo, sikatai, lakini kwa wengine ni mafua tu. Kwake uliingia mifupani. Na mkono anao. Akishika randa, ubao unalainika mpaka unatamani kuulalia shavu.

Kisha akaokoka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilidhani Bwana akimshika mtu humshika pamoja na kazi yake. Zamani alikuwa akichelewesha kazi za watu kwa uvivu, na angalau aliona haya. Baada ya kuokoka akawa anachelewesha kwa Maandiko, na haya ikaisha kabisa.

Mama alikuwa analala chini. Godoro juu ya sakafu ya saruji, chumba cha nyuma, ukuta wenye unyevu. Magoti yake yalikuwa yamekwisha kazi. Kila asubuhi nilimshika kwapa moja, mke wa Kesho akashika la pili, tukamwinua, naye akituomba radhi kwa uzito wake. Mimi ni dobi wa hospitali. Kutwa nafua na kukunja mashuka ya vitanda vya watu nisiowajua, halafu nilikuwa narudi nyumbani namkuta mama yangu mzazi sakafuni. Mtu aniambie nisikasirike.

Kumpima alimpima, hilo nalishuhudia. Alileta futi yake, mama akajinyoosha juu ya godoro akicheka kama msichana anayeshonewa gauni. "Niongezee kidogo upande wa miguu, mwanangu," akasema. "Nimechoka kulala nimejikunja." Kesho akaandika kipimo kwa penseli kwenye ukuta wa karakana yake. Akanunua mbao ngumu, nzuri, akazisimamisha pembeni zikauke. Zikakauka. Zikashika vumbi. Kuku wa jirani wakapata pa kutagia nyuma yake.

Nikimuuliza, jibu lilikuwa tayari siku zote, tofauti na kazi zake.

"Dada, unahangaikia kitanda cha dunia na parapanda iko mlangoni? Bwana yu karibu."

"Karibu ndiyo tunamwambia mgeni," nikamjibu. "Na mgeni huandaliwa. Utamkaribishaje kwenye nyumba ambayo mama yako analala sakafuni?"

"Kwake Yeye siku moja ni kama miaka elfu, dada."

"Basi kwake Yeye kitanda chako kimechelewa mno."

Hakucheka. Akachukua Biblia yake akaenda maombini, akaniacha na mbao zake.

Mimbari ya kanisa, hiyo aliimaliza. Iling'aa kwa vanishi, na mbele aliichonga msalaba. Jumapili ya kuizindua tulimpeleka mama, tukamkalisha benchi la mbele kwa sababu masikio yake yalikuwa mazito. Mchungaji akazishika kingo za mimbari, akapaza sauti: "Kesheni, wapendwa!"

Mama akanigeukia. "Na huyu naye anasema kesho?"

"Kesheni, mama. Tukae macho, tusilale."

Akafikiri kidogo. "Kama ni hivyo mimi niko tayari. Sakafu ile haijaniacha nilale tangu lini."

Benchi la nyuma likacheka. Na mimi nilicheka, huku masikio yananiwaka kwa hasira.

Nisieleweke vibaya. Mimi naamini kwamba Bwana atarudi. Labda naamini kuliko Kesho, na hasira yangu inatoka hapohapo. Kama siku haijulikani, basi siku ya kuwa tayari ni leo, hakuna nyingine. Milele nayo si kesho moja ndefu isiyokwisha, eti tutapata nafasi huko mbele ya kuwatendea wazazi wema tuliouahirisha. Mungu wa milele anakutana nasi kwenye hii leo yetu fupi, kwenye kikombe cha maji unachompa mgonjwa, kwenye mgongo wa mama unaouma. Mtumishi anayemngoja bwana wake anapaswa kukutwa kazini. Kesho aliyachukua maneno haya matakatifu akayageuza kisingizio, na kisingizio chenye jina la Yesu ndani yake hakipingiki kirahisi. Ukikigusa unaambiwa huna imani. Niliambiwa hivyo, na mdogo wangu niliyembeba mgongoni.

Baridi ilipoingia, kifua cha mama kikabana. Alifariki asubuhi, palepale chini, nikiwa nimepiga magoti kumfikishia chai. Kikombe kilikuwa bado cha moto.

Kesho alilia, na machozi yake siyatilii shaka. Kisha akaenda karakana. Tukasikia msumeno, randa, nyundo, msasa, bila kupumzika. Mteja aliyepita kuulizia meza yake alifukuzwa. Jua halijazama, jeneza likaletwa, pembe zimeshikana barabara, vanishi bado inanata. Mbao nilizitambua. Waombolezaji wakamsifu kwamba amemheshimu mama yake. Hapo nikashindwa kuuzuia mdomo, nikamwambia mbele ya wote, "Kumbe leo ilikuwepo."

Mchungaji akaniwekea mkono begani, nikautoa.

"Dada," Kesho akasema kwa sauti ya chini, "tutaonana naye. Kwake ni kufumba na kufumbua tu, parapanda inalia."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza utamwambia nini."

Akatazama mikono yake iliyojaa vumbi la mbao.

Tukamlaza mama. Siku hiyo Kesho hakuja kumpima, wala hakuna aliyemuuliza kipimo amekitoa wapi. Mama alilala amenyooka vizuri, na upande wa miguu pakabaki nafasi ya kiganja kimoja, ileile aliyomwomba amwongezee.