Mchawi wa Kwenye Karatasi

Juzi nimerudi kijijini kwetu Segese kwa gari langu mwenyewe, na nyumba niliyofikia nimeijenga mimi, tofali kwa tofali, kwa mshahara wa mtu mwenye diploma. Nayasema haya mwanzoni ili tuelewane. Jioni nilikaa uani na mtoto wa mdogo wangu wa kiume, naye alikuwa ameinamia simu, anapigana na mazimwi.

"Shangazi, hapa unachagua aina ya mtu wako," akaniambia. "Mpiganaji, mpiga mishale, mganga. Ukishachagua, umechagua. Lakini wewe mambo haya huyajui."

Mimi? Nisiyajue? Nilicheza mchezo huo kwenye kaunta ya duka kabla baba yake hajajua kufunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe hatukuwa navyo. Tena mchezo wetu sisi nusura umuue bibi yangu. Kaa basi, nikusimulie na wewe msomaji kama nilivyomsimulia yeye.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ikipatikana kwa foleni na sukari kwa kujuana. Hapa Segese palikuwa na duka la familia ya Kihindi. Mzee mwenyewe alizaliwa huku huku, na Kisukuma chake kiliwaaibisha vijana wetu waliokwenda mjini wakarudi wamekisahau. Lakini duka lilikuwa tupu. Kaunta ile ndefu ya mninga ilibaki na viberiti, chumvi ya mawe na harufu ya bizari iliyokwisha zamani. Duka likiwa tupu, watoto hawafukuzwi. Mchana wa jua kali, kazi za kuteka maji na kuokota samadi zikiisha, tulikwenda kupanda juu ya kaunta ile.

Binti wa dukani alinizidi miaka mitatu. Mjomba wake aliyeishi Uingereza alimtumia boksi, ndani yake mna kitabu cha Kiingereza na dadu ambazo hatukuwa tumepata kuziona, nyingine zenye pande nane, moja yenye pande ishirini. Yeye alisoma, akatutafsiria. Kila mchezaji anakuwa mtu fulani, mtu huyo ana kazi yake, na kadiri anavyoshinda anapanda ngazi. Kitabu kilitoa kazi nne tu: askari, padri, mwizi na mchawi. Yeye mwenyewe akawa msimulizi, anayetuambia ndani ya pango kuna nini.

Wiki ya kwanza tulifuata kitabu. Wiki ya pili tulianza kukirekebisha, na sioni aibu kusema tulikirekebisha vizuri kuliko waliokiandika.

Mtoto wa mwinjilisti ndiye aliyeanza. "Padri simtaki," alisema. "Baba akisikia nimekuwa padri nitalala njaa." Tukamfanya mwinjilisti. Ngazi ya kwanza ana kengele, ngazi ya tatu anapata baiskeli, na ngazi ya tano mapepo yanakimbia yakisikia tu mnyororo unalia. Mwizi naye hakupata mtu. Kwetu, ambako mwizi wa ng'ombe hana msamaha, nani ajiite mwizi hata kwa mzaha? Lakini kulikuwa na mtoto wa mchimbaji, ambaye baba yake alishinda kwenye mashimo ya dhahabu ya Rwamgasa na kurudi nyumbani kwa msimu. Akasema mtu anayeingia kwenye giza, anayejua jiwe litakaloporomoka na anayenusa mali iliyojificha si mwizi. "Huyo ni baba yangu!" Mwizi akafutwa, mchimbaji akaandikwa.

Mimi nilichagua mchawi. Hakuna aliyethubutu, ndiyo maana nikamchagua. Karatasi ya kila mchezaji ilikuwa na mahali pa kuandika jina la aliyekufundisha. Niliandika la bibi yangu, kwa sababu sikumjua mtu mwenye akili kumzidi.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa mwembamba, mjane, mwenye ulimi mkali, na macho yake yalikuwa mekundu. Nchi yetu haina miti ya kuchezea, wanawake wanapikia samadi na mabua ya pamba, na moshi wake unauma kama pilipili. Miaka arobaini ya moshi huo ndiyo iliyomkalia machoni. Kila mtu alilijua hilo. Lakini kila mtu alijua pia kwamba vikongwe wenye macho mekundu walidhaniwa wachawi, nao walikuwa wakikutwa wamekatwa mapanga, na asiulizwe mtu.

Sasa sikiliza kosa langu. Siku moja, ndani ya pango letu, lilitokea dume la ng'ombe lenye pembe za moto. Wenzangu wote walikuwa wamejeruhiwa. Nikatupa dadu ya pande ishirini, ikatua ishirini. Nilipanda juu ya kaunta, nikanyanyua mikono, nikapiga kelele iliyofika barabarani: "Mimi ndiye mchawi mkubwa wa Segese! Bibi kanirithisha! Dume limekufa kwa neno langu!"

Barazani alikaa jirani yetu akisubiri mafuta ya taa. Siku mbili nyuma dume lake la kukokota plau lilikuwa limekufa zizini bila kuumwa.

Kesho yake asubuhi alikuja uani kwetu na wanaume wawili. Bibi alikuwa anaanika michembe, vile vipande vya viazi tulivyovila msimu wote wa kiangazi. "Mwangaluka," akawaamkia. Hawakuitikia. Kwetu mwanamume akiingia kwenye mji wa mama mtu mzima asiitikie salamu, ujue hukumu ameshaitoa njiani.

"Mayu," alisema jirani, akimwita mama kwa Kisukuma, "mjukuu wako ametangaza mwenyewe, watu wakisikia. Umemrithisha. Na dume langu limekufa."

Niliona vidole vya bibi vikisimama juu ya mchembe mmoja. Mara moja tu. Kisha akaweka chini ungo.

"Neno limesemewa dukani," akasema. "Twende likaishie dukani."

Akanawa miguu, akajifunga kanga mpya, akatangulia. Mimi nilikimbia mbele kumwamsha binti wa dukani. Baba yake alipoelewa, alichukua boksi akaelekea nalo jikoni. Simlaumu. Mtu mwenye duka na rangi yake ile alijua hasira ya watu ikikosa pa kwenda inakwenda wapi.

"Baba, ukilichoma sasa watasema tulikuwa na cha kuficha," alisema binti yake, akalishika boksi hadi likachanika pembeni. Mzee akaachia.

Basi vikamwagwa vyote juu ya kaunta: kitabu, dadu, karatasi zetu zenye madoa ya mafuta. Watu walijaa hadi barazani. Jirani akaniuliza kama najua nilichokisema.

"Najua," nikajibu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini nilijibu. "Mchawi ni mimi, imeandikwa hapa. Bibi hajui hata kusoma. Na dume nililoua lilikuwa na pembe za moto. La kwako lilikuwa na pembe za moto?"

Mtu mmoja akacheka. Jirani hakucheka, na wale wawili walikuwa bado wamesimama mlangoni.

Bibi akamgeukia binti wa dukani. "Mwanangu, huyo mchawi wenu kazi yake hasa ni nini? Soma, wasikie."

Binti akasoma, akitafsiri polepole. Kila asubuhi mchawi hufungua kitabu chake. Hupima unga huu na maji yale. Asipojifunza vizuri siku hiyo hawezi kitu, na akikosea kipimo anaharibu.

"Anasoma, anapima, akikosea anaharibu," bibi akarudia. "Nyinyi watoto, mtu huyo mnamwita mchawi? Huyo ni dresa wa hospitali ya Kolandoto!"

Kicheko kilipasuka hadi barabarani. Mmoja wa wale wawili wa mlangoni akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa. Mguu wangu huu ulitibiwa kule. Alinipimia dawa huku anasoma karatasi." Akaingia, akaishika ile dadu kubwa, akaitupa. Ikatua mbili. "Mimi nimekufa?" akauliza, na watu wakacheka tena.

Ila bibi hakuwa anacheka. Alimsogelea jirani hadi wakakaribiana nyuso. "Nitazame macho. Wekundu huu ni wa moshi. Mama yako alipougua, ugali uliokushibisha ulipikwa kwenye moto wangu. Ulipokuwa unakula hukuuona?"

Jirani akasema, kwa sauti ndogo kuliko ya mtoto, "Mwangaluka, mayu."

Bibi hakuitikia upesi. Alimwacha asimame na salamu yake mkononi, watu wote wakiona, hadi alipoona imetosha. Ndipo akaitikia.

Mchana uleule nilifuta "mchawi" kwenye karatasi yangu kwa mate na kidole, nikaandika "dresa". Kitabu kilisema kazi haibadilishwi, nasi tukaibadilisha. Ngazi ya kwanza dresa alisafisha vidonda, ya tatu alichoma sindano, ya saba alitengeneza dawa ambayo hakuna aliyewahi kuitengeneza. Tulipomaliza shule ya msingi, kitabu kizima kilikuwa kimeandikwa upya kwa penseli pembeni. Hakikubaki hata kitu kimoja cha Uingereza zaidi ya dadu.

Nikasoma ufamasia. Wapo walioniambia mjukuu wa bibi fulani hawezi, wengine wakisema bibi fulani kwa namna ya kutema mate. Diploma yangu nimeitundika sebuleni, mlango ukifunguliwa inaonekana kutoka njiani. Nimeitundika pale makusudi.

Duka halipo. Kaunta ya mninga sijui imechemshia chai ya nani. Familia ile ilihamia mbali, mtoto wa mchimbaji alifuata mashimo ya baba yake nikapoteza habari zake, na ule mchana mrefu usio na kitu cha kuuza, watoto wamelala kifudifudi juu ya kaunta wakibishana dresa anastahili nini, sijauona tena mahali popote. Watoto wa sasa wanachagua walichopangiwa na wanaridhika.

Bibi yangu alifariki kwa uzee, kitandani kwake, nyumbani kwake, mimi nikimshika mkono. Tembea vijiji hivi uulize ni wanawake wangapi wa rika lake, wenye macho kama yake, waliopata kufa hivyo. Halafu uje uniambie, hapa kwangu, usoni, kwamba tulikuwa tunacheza tu.